Maneno ya Mke wa Gidahosh

Mke wa Gidahosh alipoingia mahakamani, Pascal alishika ukingo wa kizimba kwa mikono yote miwili.

Alikuwa mama mwembamba, amevaa sketi ya ngozi, bangili za shaba zimeujaza mkono mpaka karibu na kiwiko. Alipita mbele ya kizimba bila kugeuka. Ndugu wa mumewe walikuwa wameiacha mikuki yao nje, imeegemezwa ukutani kando ya mlango, na kupitia dirishani Pascal aliziona ncha zake. Hakujua aogope lipi zaidi, kufungwa au kuachiwa atoke kwa mlango ule.

Hakumpiga Gidahosh. Aliwaambia polisi hivyo mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa mlinzi mgeni kwenye shamba la ngano la serikali, ametoka Bashay kutafuta kazi, na siku ile alimkuta mfugaji huyo amelala kando ya njia ya matrekta, kichwa kimepasuka, ng'ombe wake wametawanyika ndani ya ngano. Akambeba mgongoni mpaka zahanati. Damu ikamlowesha shati zima, na shati hilo ndilo lililomtia hatiani machoni pa watu, maana Gidahosh mwenyewe hakusema neno tena. Alilala tu hospitalini Haydom, na mkewe akalala sakafuni pembeni ya kitanda, msimu mzima wa mvua, mpaka alipoitwa kutoa ushahidi.

"Anajua Kiswahili?" aliuliza hakimu.

"Hajui hata salamu, Mheshimiwa," alijibu Theodory.

Pascal alishusha pumzi. Mkalimani wa mahakama alikuwa anaumwa, na Theodory, msimamizi wa walinzi wa shamba, alikuwa amejitolea kushika nafasi yake, kama alivyojitolea kule polisi. Alikulia Balangdalalu, akacheza na watoto wa wafugaji, lugha yao aliisema kama wao. Ndiye aliyempa Pascal kazi. Ndiye aliyempelekea blanketi mahabusu, akamwambia, "Kijana, tulia. Usibishane na mtu. Mimi nipo." Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yakimpa usingizi.

Hakimu alimwambia mama aketi. Akaketi.

"Aeleze alichokiona," hakimu aliendelea. "Asimwogope mtu. Humu ndani hakuna wa kumdhuru."

Theodory alimwinamia shahidi, akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Mama akaanza kuongea huku ametazama sakafu, mikono ameibana katikati ya magoti, na hata hivyo bangili zilikuwa zinagongana. Pascal alizisikia, akashangaa. Kumbe anatetemeka. Ananiogopa mimi, aliwaza, na wazo hilo likamchoma kuliko yote.

"Anasema alikuwa nyuma na ndama," Theodory alitafsiri. "Akamwona mlinzi anampiga mumewe kwa rungu. Hata alipoanguka, hakuacha."

"Mlinzi yupi?"

Theodory aliuliza. Mama alijibu kwa maneno mengi, sauti ikikatika na kuendelea, ikikatika na kuendelea.

"Anasema ni huyu aliye kizimbani."

Nyuma ya chumba Philomena, mama yake Pascal, aliguna kama mtu aliyepigwa tumboni. Pascal aligeuka kumtazama, kisha akamtazama shahidi. Kwa nini aseme hivyo? Labda alimwona ameinama juu ya mumewe, anajaribu kumwinua, na kwa hofu aliyokuwa nayo akadhani ameona kitu kingine. Angemwelezaje, wakati hawana hata neno moja la kusikilizana?

Hakimu alivua miwani. "Maneno yote yale ndiyo hayo tu?"

"Anarudiarudia, Mheshimiwa. Ana uchungu."

"Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?"

Pascal alimtazama msimamizi wake. Theodory alitikisa kichwa kidogo sana, kumwambia atulie.

"Sina, Mheshimiwa," alisema Pascal.

"Basi asimame, amguse bega mtu aliyempiga mumewe, ili iandikwe."

Theodory alitafsiri, akamwelekeza mama kwa kidevu upande wa kizimba. Mama alisimama. Alikuja taratibu, akasimama karibu kiasi kwamba Pascal alisikia harufu ya samli kwenye ngozi aliyovaa. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni, akamtazama kwa muda, kama anayetafuta kitu alichokipoteza.

Pascal alifumba macho. Aliwaza jela. Aliwaza mikuki iliyoko nje. Alimwaza mama yake akirudi Bashay peke yake kwenye basi, watu wakihama kiti cha pembeni yake kwa sababu ya aibu. Akangoja uzito wa ule mkono.

Haukuja. Alisikia bangili zikilia, zikisogea mbali naye.

Alipofumbua macho, mama yule alikuwa amerudi alikotoka, na kiganja chake kilikuwa juu ya bega la Theodory.

"Bwana mkubwa," alimwambia hakimu kwa Kiswahili kizito, cha kuokoteza wodini, "huyu kijana alibeba mume yangu. Hiyo maneno ingine yote ni ya huyu. Mimi hapana sema."