Maji Yanayojikoroga

"Mama, usitikise meza!" Princesse alisema bila kuondoa jicho kwenye hadubini.

"Mi? Mikono yangu iko huku," mama akajibu toka mlangoni mwa maabara, ameshika sahani ya bukari, ugali wa kwao, kwa mikono miwili.

Princesse akachungulia tena. Feni alikwisha kuizima, dirisha alikwisha kulifunga. Lakini katika tone lile, lililotoka kwenye ndoo ya muhogo aliouloweka mama nyumbani Ruashi, bakteria walijaa pomoni. Walivyoogelea, maji yalizunguka, yakavunjika, yakazunguka tena upande wa pili, kama bukari inayosongwa na mtu mwenye hasira.

Tangu utotoni mama alimkataza kutia mwiko katika ndoo ile. "Acha, iko najikoroga yenyewe!" Mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, Princesse aliwasimulia wenzake maneno hayo, wakacheka hadi machozi, naye akacheka nao.

Akainuka, akampisha mama kitini.

Mama akafumba jicho moja, akatazama, akatazama.

"Mama, unisamehe," Princesse alisema.

"Kula kwanza," mama akajibu, jicho bado limeganda kwenye hadubini. "Bukari njo haijikorogi yenyewe."