Damu ya Nikodemo

Siku Nikodemo alipoambiwa kwamba damu yake ina upungufu, alicheka. Hakuwa amecheka tangu kiwanda alichofanyia kazi kiuzwe na madereva wote wapewe barua za kupunguzwa kazi.

"Nilikwambia, Mama Yudith," alimwambia mkewe, Emiliana. "Nilikwambia huu ni ugonjwa."

"Ulisema, Baba Yudith."

Siku hiyo alimaliza ugali na mlenda, akaomba tena.

Mwaka mzima kabla ya hapo alikuwa mtu wa kukaa tu. Anatoa kigoda nje asubuhi, pale mtaani kwao Ipagala upepo unapoanza kuvuta vumbi, anakaa mpaka jua linazama. Hana hasira, hana ugomvi na mtu. Mkewe akimgusa, anaomba radhi. Mwanaume wa miaka arobaini na tisa, aliyekuwa akiendesha lori mpaka Tabora huku akiimba njia nzima, sasa kufunga kamba za viatu kulimchosha.

Alikwenda hospitali kwanza. Wakamtoa damu, wakaipima kila namna, wakasema haina kosa, arudi nyumbani akapumzike. Alirudi akalala, akauelekea ukuta. Siku ya tatu ndipo alipofungua mdomo.

"Kama damu haina kosa, Emiliana, basi kosa ni mimi."

Emiliana alikwenda bandani, akafungua kamba ya mbuzi iliyotundikwa kwenye boriti, akaipeleka kwa jirani ikakae huko.

Kesho yake alikwenda kwenye zahanati mpya ya Daktari Obedi. Miaka ile watu binafsi walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kutibu, na ilisemekana huko mwanaume anapimwa homoni ya kiume, na aliyepungukiwa anachomwa sindano, anarudia hali yake. Nikodemo hakutaka kuonekana kwenye benchi la zahanati. Hivyo daktari akampa Emiliana vifaa vya kupimia nyumbani: sindano fupi ya kutoboa kidole na karatasi mbili ngumu zenye viduara, ya pili ya akiba. Kidole kitobolewe alfajiri kabla ya kula, damu ijaze kiduara, karatasi ikauke, iletwe. Kutoka hapo itapanda basi kwenda kupimwa Dar es Salaam.

Emiliana alisoma mpaka darasa la nne, lakini aliuliza maswali kama karani wa mahakama. Dawa inakaa mwilini siku ngapi? Ina hatari gani? Na wanawake nao wanayo hiyo homoni?

"Mnayo, mama. Kidogo sana, kama chumvi ya kuonja," daktari alisema. "Hatari yake ni moja kubwa. Inaweza kuifanya damu iwe nzito. Ndiyo maana nataka karatasi kila mwezi. Bila karatasi, hakuna sindano."

Majibu ya kwanza yalimshangaza daktari mwenyewe. "Ya chini mno. Mvulana anayeanza kubaleghe ana zaidi ya hii."

Ndiyo siku ile Nikodemo alipocheka.

Sindano alichomwa nyumbani, daktari akipita kwa pikipiki. Mwezi wa pili kigoda kilirudishwa ndani. Nikodemo akaziba paa, akajenga upya banda la mbuzi, akaanza kuimba. Rafiki yake Rehani, aliyekuwa utingo wake, alikuja kumtazama.

"Shemeji, mwangalie sana huyu," Rehani alimwambia Emiliana. "Sindano zikimkolea atatuletea mke mdogo."

"Amlete," Emiliana alisema. "Atanisaidia kuteka maji."

Nikodemo alicheka mpaka akashika mbavu. Emiliana alikaa akimtazama vile anavyocheka.

Lakini kila mwezi karatasi ilirudi na jibu lilelile. Homoni haijapanda. Damu si nzito, iko sawa. Daktari akaongeza dozi. Mwezi wa nne akaongeza tena.

"Haiwezekani dozi ikabaki ileile?" Emiliana aliuliza. "Mbona hali yake nzuri?"

"Mama, mimi nafuata damu."

Mwezi wa sita uso wa Nikodemo ulikuwa umevimba na kuiva. Kichwa kilimgonga kutwa. Emiliana alimshika mikono, akamsihi aziache sindano.

"Unataka nirudi kwenye kigoda?" Nikodemo alimwuliza.

Emiliana akaiachia mikono yake.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, Nikodemo yuko bandani anaimba. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Emiliana alimkuta amelala kwenye majani ya mbuzi, mdomo umekwenda upande.

Daktari Obedi alifika hospitali mchana akiwa na bahasha ya majibu. Alisimama karibu na kitanda, akayasoma, akayarudia.

"Sielewi," alisema. "Karatasi yenu ya mwisho inasema damu ya kawaida, homoni karibu hakuna. Hapa wamemtoa damu sasa hivi, nzito kama uji. Damu ya mtu haibadiliki hivi kwa wiki mbili." Akatoa karatasi mpya mkobani. "Nadhani huko Dar wanatuchanganyia. Nitachukua nyingine mwenyewe, tulinganishe."

Akaushika mkono wa Nikodemo, ule uliokufa. Nikodemo hakuweza kusema, ila alisikia yote. Jicho lake moja lilikuwa wazi, likimtazama mkewe.

Emiliana aliutoa mkono wa mumewe mikononi mwa daktari, taratibu, akaulaza juu ya shuka. Kisha akaunyoosha wa kwake.

"Ukitaka ifanane na zile, daktari," alisema, "toboa hapa."