Mlango Mpya wa Bi. Zuhura

Fundi Kombo aling'oa fremu ya mlango, akabomoa na matofali ya pembeni. Mwanga ukaingia hadi kitandani kwa Bi. Zuhura, ambaye kwa unene wake alikuwa hajatoka chumbani humo kwa miaka mingi. Gari la hospitali lilikuwa nje, linangoja.

"Leo unapita, mama," alisema binti yake, Tatu, akimvalisha viatu vipya.

Majirani walikuwa wameitwa waje kumbeba. Wakaja wote, na kwa kuwa kwa mgonjwa watu hawaendi mikono mitupu, kila mmoja alikuja na hotpoti. Wakazipanga palepale mlangoni.

"Daktari amekataza," Tatu aliwaambia.

"Kidogo tu, mwanangu. Ataonja kabla ya safari," alijibu jirani mmoja, akafunua pilau.

Harufu ikajaa chumbani. Tatu akainama, akaanza kuzisogeza hotpoti ili njia ipatikane.

"Ziache," Bi. Zuhura alisema taratibu. "Usiwaaibishe watu."

Tatu aligeuka. Mama yake alikuwa amekwisha kuvua kiatu kimoja. Kingine kilikuwa bado mguuni, na macho yake hayakuwa kwenye gari.