Jina la Mwenye Msitu

Sikudhani alikuwa ameolewa mji ule miaka saba, na hakuna aliyewahi kumtajia jina la lile jitu la manyoya lililoishi msituni. Kwao alikozaliwa waliliita Mlawatu. Hapa kila ukoo ulikuwa na jina lake wa kuliita, na asiyepewa jina hilo haingii msituni peke yake. Kwa hiyo kila siku ya kuni alimfuata mama mkwe wake, Bi Chausiku, aliyezoea kumwita "mke wa Kombo" na basi.

Asubuhi moja Bi Chausiku aliteleza kwenye mawe ya kijito, mguu ukavunjika.

"Mama, nikaite watu?"

 Bi Chausiku akafungua pindo la kanga, akampa bonge la chumvi.

"Iweke juu ya jani, pale njiani kwenye mti ulioanguka. Ukisikia matawi yanavunjika, usikimbie. Sema, 'Shikamoo, Mjomba.'"

"Mjomba?"

"Ndivyo tunavyomwita sisi. Nenda, Sikudhani."

Aliweka chumvi. Matawi yakavunjika nyuma yake. Aliamkia kama alivyoelekezwa, na msitu mzima ukatulia. Akatoka akitembea, machozi na kicheko vikimjia pamoja.

Aliporudi na wanaume wanne na machela, alimsikia Bi Chausiku kutoka kijitoni, akiita kwa nguvu zake zote, "Sikudhani! Niko hapa!"

Kwenye mti ulioanguka jani lilikuwa tupu, bado limelowa mate, limekunjwa vizuri mara mbili.