Habari za Odisha, Ukurasa wa Saba

Kitanda kilikuwa kimeshafungwa kamba juu ya trela la trekta, mbuzi wamepandishwa, na Tulasa anamkimbiza jogoo uani, simu ya mumewe ilipolia.

"Shusheni mizigo!" Ilikuwa sauti ya Trilochan, kaka mtu, kutoka Delhi. "Sukru, unanisikia? Usitoke hapo."

"Kaka, mwisho ni kesho. Asiyehama hapewi nyumba kule makazi mapya. Mkuu wa wilaya katangaza kwa kipaza sauti."

"Mkuu wa wilaya ni nani? Mimi nina gazeti la taifa mkononi. Sikiliza." Akasoma polepole, akitafsiri Kiingereza chake kwa madaha. "Duru za ngazi ya juu serikalini Odisha zinasema kampuni ya alumini itaacha mpango wa kuuchimba mlima kabla ya uchaguzi. Waziri Kiongozi hathubutu kuwaudhi watu wa milimani. Umesikia? Duru za ngazi ya juu!"

Tulasa alimpokonya mumewe simu. "Shemeji, hilo gazeti lina macho? Mimi hapa naliona buldoza, limeegeshwa nyuma ya kisima."

"Wanawatisha tu, shemeji. Mkihama wenyewe, mmewapa ardhi bure."

"Basi mwambie mwenye gazeti aje anikamatie jogoo."

Akamrudishia Sukru simu. Sukru alilitazama trela, akamtazama mkewe. Kaka alisoma. Kaka alikaa ofisini miaka yote ile, kwenye mji wa wakubwa. Akaanza kufungua kamba. Tulasa aliketi juu ya gunia la mtama, akageuza uso.

Trilochan alikuwa karani wa reli hadi alipostaafu. Habari za Odisha, jimbo la kwao, alizifuata gazetini kama mtu anayefuata kesi ya mwanawe: waziri gani kahama chama, nani kapewa mgodi, hisa za nani zimepanda. Magazeti ya kwao hakuyataka. Kila moja, alisema, lina mwanasiasa wake anayelilisha. La taifa halina shangazi wala mjomba Odisha.

Kila Alhamisi alipiga pasi shati, akaenda kwenye nyumba ya wageni ya jimbo lao hapo Delhi. Mawaziri wa Odisha hufikia humo wakija mjini, na kantini yake iko wazi kwa yeyote aliyekumbuka chakula cha nyumbani. Trilochan alikaa meza ya dirishani, akala wali na dalma, dengu za kwao zilizopikwa na mboga, akachambua siasa kwa sauti ya kutosha meza tatu.

Humo ndimo alimopata rafiki, Aniruddh, kijana wa miwani mwenye maswali mengi. Delhi imejaa vijana wa namna hiyo, wanaokariri nchi nzima, jimbo kwa jimbo, kwa ajili ya mtihani mkubwa wa utumishi serikalini. Trilochan hakuwa na haja ya kumuuliza.

Alhamisi iliyofuata simu ile alifika akilipeperusha gazeti. "Umeona? Si nilikwambia?"

"Uliniambia, mjomba. Wewe hukosei." Kijana aliagiza chai mbili. "Na kiwanda cha chuma kule pwani, unakionaje?"

"Kitasimama, hicho. Kunywa chai kwanza. Mtihani huo utaupasua, mwanangu, kwa mwalimu kama mimi!"

Aniruddh alicheka kwa adabu.

Buldoza liliwashwa Jumatatu asubuhi. Nyumba ya Sukru ilikuwa ya pili. Ile waliyowekewa kwenye makazi mapya alikuwa ameshapewa mtu mwingine, shemeji wa diwani. Sukru sasa anafyatua matofali Andhra, jimbo la jirani. Tulasa alirudi kwa wazazi wake na mbuzi, na simu za Delhi hapokei. Waziri Kiongozi alishinda uchaguzi. Mlima umekwisha nusu. Trilochan bado anasoma ukurasa wa saba, na anashikilia kwamba gazeti lilikuwa sahihi, ni mkuu wa wilaya tu ambaye hakulisoma.

Aniruddh alipata tuzo ya mwandishi bora wa habari za majimbo, kwa makala zake za ukurasa wa saba kuhusu Odisha, ambako hajawahi kufika. Jukwaani alimshukuru afisa mmoja mwandamizi wa serikali ya jimbo hilo, ambaye jina hawezi kulitaja, anayekula naye wali na dalma kila Alhamisi.