Gari Hufuata Maumivu

Siku hizi gari la wagonjwa humwendea anayeumia zaidi. Bangili ya mkononi hupima maumivu, namba ikatumwa kituoni. Moyo ulimshika mume wangu, Mbonea, akipukuchua mahindi, na bangili yake ikasoma tisa kati ya kumi. Gari likaanza safari.

"Mama Elieza, nichome hiyo mofini, nakufa!"

Sindano hiyo ya kutuliza maumivu nilikuwa nayo, niliyopewa zahanati. "Vumilia, baba Elieza. Namba ikishuka watatuacha."

"Nakuomba, mke wangu."

Miaka thelathini na mbili, hakuwahi kuniomba kitu mara mbili. Nikamchoma.

Uso ukalegea. Akasema asante, akaniuliza kama kuku wamekula. Bangili ikasoma mbili.

King'ora kilikuwa kimeshafika kona ya kanisa. Nikalisikia gari likigeuza.