Kanda ya Bi Mwanakheri

Mzee Shekue alipompa Bi Mwanakheri talaka, alibeba kitanda, kabati na hata kinu. Alisahau kanda moja tu ya video: filamu ya Kihindi ya vichekesho na nyimbo, waliyoitazama pamoja tangu uharusi wao.

Basi kila Ijumaa alasiri Bi Mwanakheri huwaita majirani akaiweka. Mtaa mzima umeihifadhi kwa moyo, na bado wanagombania mkeka. Mzee Shekue naye husimama nje, dirishani, kama mbuzi aliyenusa maganda.

"Mwanakheri, nifungulie nikae hata mlangoni."

"Kakae kwenye kabati lako!"

Humwacha achungulie mpaka pale patamu, bwana harusi anapofunua shela akakuta ameozwa mpishi mwenye masharubu. Hapo ndipo humfungia dirisha usoni.

Leo pia alilifunga. Ndani wakaangua kicheko. Nje, wakati uleule, mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akaudaka wimbo unaofuata kwa Kihindi chake kibovu.

Majirani wakageuka. Mkono wa Bi Mwanakheri ulikuwa bado kwenye komeo, na mabega yanamcheza kwa kicheko.